P. K. Rosy, stelingi wa filamu moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapomtaja Rosy mbele ya wapenzi wa sinema za India, maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kadiri ninavyoifahamu habari yake, kwa sababu ni mwanamke ambaye jina lake lilifichwa kwa zaidi ya miaka arobaini, na kila anayelijua leo ana deni la kulitaja.

P. K. Rosy ni nani?

Ni mwanamke wa kwanza kuigiza katika filamu ya Kimalayalam. Filamu yenyewe ni Vigathakumaran, maana yake "Mtoto Aliyepotea", filamu bubu iliyotengenezwa na J. C. Daniel mjini Trivandrum, mji unaoitwa Thiruvananthapuram siku hizi. Rosy aliigiza humo kama Sarojini, msichana wa ukoo wa heshima. Hakuigiza filamu nyingine maishani mwake. Filamu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, watazamaji walifanya fujo, nyumba ya kina Rosy ikachomwa moto, naye akakimbia mji.

Kimalayalam ndicho Kihindi?

Hapana. Huku kwetu tumezoea kuziita zote "picha za Kihindi", lakini India ina viwanda vingi vya filamu, kila kimoja na lugha yake. Kihindi ni cha Mumbai. Kusini kuna Kitamil, Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam. Kimalayalam ni lugha ya Kerala, jimbo la pwani ya kusini magharibi linalotazama bahari hii hii yetu; huko Malabar ndiko ulikotoka msaji uliojengea majahazi mengi. Enzi za Rosy hapakuwa na jimbo liitwalo Kerala. Trivandrum ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Travancore.

Mbona ana majina mengi? Rajamma, Rosamma, Rosy, Rajammal?

Yote ni yake, na ukiyafuata moja moja unapata historia ya maisha yake. Rajamma ndilo jina la kuzaliwa. Alizaliwa mwaka 1903 katika familia ya Wapulaya, watu waliohesabiwa miongoni mwa matabaka ya chini kabisa, ambao leo wanajiita Wadalit. Familia ilipoingia Ukristo, jina likawa Rosamma. Rosy ni jina la sinema. Rajammal ni jina alilozeeka nalo upande wa Watamil, miongoni mwa majirani ambao hawakujua kwamba mama huyu aliwahi kusimama mbele ya kamera.

Kabla ya filamu alikuwa anafanya nini?

Alikuwa akikata majani ya mifugo na kuyauza. Baba yake alifariki angali mdogo, na nyumba ilikuwa ya dhiki. Lakini msidhani kwamba Daniel alimwokota shambani mtu asiyejua lolote kuhusu uigizaji, maana hivyo ndivyo wengi wanavyosimulia, na wanamkosea. Rosy alikuwa tayari msanii wa jukwaani. Alicheza kakkarissi, mchezo wa jadi wa kusini mwa Kerala wenye nyimbo, ngoma na mizaha, ambamo mungu Shiva na mkewe Parvati huja duniani katika sura ya wapiga ramli wanaotangatanga. Zamani nafasi za wanawake katika mchezo huo zilichezwa na wanaume waliovaa nguo za kike. Mwanamke kupanda mwenyewe jukwaani lilikuwa jambo la kuthubutu, na Rosy alikwisha kuthubutu kabla hajaonana na Daniel.

Ilikuwaje nafasi ikamwangukia yeye?

Kwa sababu wanawake wengine walikataa au walishindikana. Sinema ilihesabiwa kazi ya aibu kwa mwanamke. Mwaka 1913, Dadasaheb Phalke alipotengeneza filamu yake ya kwanza huko Bombay, malkia wa hadithi aliigizwa na mwanamume, Anna Salunke, kwa kuwa hapakupatikana mwanamke aliyekubali. Filamu yake iliyofuata ndiyo iliyowapata Durgabai Kamat na binti yake Kamlabai. Miaka zaidi ya kumi baadaye, Trivandrum ilikuwa bado palepale.

Daniel kwanza alimleta mwigizaji kutoka Bombay aliyejulikana kama Miss Lana. Inasimuliwa kwamba alidai makazi ya kifahari na gari, mambo ambayo mfuko wa Daniel haukuyaweza, akarudishwa alikotoka. Ndipo jina la Rosy likatajwa na watu waliomwona jukwaani.

Alilipwa?

Alilipwa. Kinachotajwa ni rupia tano kwa siku, kwa siku kumi za kazi. Inasimuliwa pia kwamba alikuwa akifika asubuhi na chakula chake cha mchana alichofunga nyumbani, anafanya kazi yake, na jioni anaondoka. Napenda sana kumkumbuka hivyo: mfanyakazi anayeenda kazini. Kile chakula nacho kina maana yake. Katika Travancore ya siku hizo, watu wa matabaka tofauti hawakukaa kula pamoja.

Filamu yenyewe inasimulia nini?

Mtoto wa matajiri wa Travancore, Chandrakumar, anatekwa na mwovu aitwaye Bhoothanathan na kupelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka. Anakulia huko kama kibarua wa shamba hadi anapanda cheo. Jamaa wa mbali wa familia, Jayachandran, anafika Ceylon, anaibiwa, anakutana na Chandrakumar bila kujua ni nani, na wawili hao wanarudi Travancore. Jayachandran anampenda Sarojini, ambaye ni dada wa yule mtoto aliyepotea. Mwovu anajaribu kumteka Sarojini pia, vijana wanamwokoa, na kovu mgongoni linamtambulisha Chandrakumar kwa ndugu zake. Daniel mwenyewe alicheza Jayachandran, mwanawe mdogo Sundar akacheza Chandrakumar wa utotoni, na Rosy akawa Sarojini.

Wakati ambapo filamu nyingi za India zilikuwa za miungu na mashujaa wa kale, hii ilizungumzia watu wa kawaida wa zama zake. Vibarua wa kusini mwa India walikuwa wakivuka kwenda mashamba ya Ceylon kila mwaka.

Kwa nini watu walikasirika? Alifanya nini kibaya?

Alivaa nguo za Mnair.

Jibu ni hilo, lakini linahitaji kuelezwa, kwa sababu msomaji wa huku anaweza kulisikia kama jambo dogo. Wanair walikuwa tabaka la wamiliki wa ardhi, maofisa na askari wa ufalme. Wapulaya kwa karne nyingi walikuwa vibarua wa mashamba ya mpunga, na kwa muda mrefu waliuzwa pamoja na ardhi. Palikuwa na umbali, uliohesabiwa kwa hatua, ambao Mpulaya hakuruhusiwa kuuvuka akimkaribia mtu wa tabaka la juu. Barabara nyingi hakuruhusiwa kuzikanyaga, wala kuingia hekaluni. Mavazi nayo yalikuwa sheria. Mwaka 1893 Ayyankali, kiongozi mkubwa wa Wapulaya, alinunua mkokoteni wa ng'ombe, akavaa nguo nyeupe na kilemba, akaendesha kwenye barabara ya umma. Likawa tukio la kukumbukwa hadi leo, kwa sababu kila kitu pale kilikuwa marufuku kwake: mkokoteni, kilemba na barabara. Mwaka 1915, huko Perinad, wanawake wa tabaka hilo walivua hadharani na kutupa shanga za mawe walizolazimishwa kuvaa ili watambulike. Palizuka vurugu na nyumba zikachomwa.

Rosy alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili wakati wa Perinad. Alipovalishwa nguo na mapambo ya Sarojini, alijua anavaa nini.

Na mahekalu ya Travancore hayakufunguliwa kwa watu wa tabaka lake hadi tangazo la mfalme la tarehe 12 Novemba 1936. Kwa hiyo filamu ilipotoka, mwanamke yule hakuruhusiwa kuingia hekalu moja na watu waliokaa kumtazama. Wao waliona mkata majani akitembea, akiketi na kupendwa kama binti yao, tena vizuri kiasi cha kuaminika. Mimi naamini hapo ndipo palipowauma. Angeigiza vibaya wangecheka.

Nini kilitokea siku ya onyesho la kwanza?

Onyesho lilifanyika Capitol Theatre, Trivandrum. Wageni wa heshima walikuwa wamekwisha kusema kwamba hawataingia ikiwa Rosy yumo ukumbini. Daniel, akiogopa fujo, hakumwalika. Rosy alikwenda hata hivyo, akaambiwa asubiri onyesho la pili. Mwanamke ambaye sura yake ndiyo iliyojaza ule ukuta alizuiwa mlangoni ili wengine waitazame sura hiyo kwa raha zao.

Raha hawakuipata. Kuna sehemu ambapo Jayachandran analibusu ua lililo kwenye nywele za Sarojini. Ukumbi ulichafuka. Watu walirusha mawe, wakaichana skrini, wakamfukuza Daniel. Hasira zikamfuata Rosy hadi nyumbani kwao, na nyumba ikachomwa moto.

Miji mingine ilikuwa na nafuu. Alleppey, kwa mfano, watazamaji waliipokea vizuri zaidi. Kwa hiyo si kweli kwamba Kerala nzima iliikataa filamu. Lakini Rosy hakuishi Alleppey.

Alitorokaje?

Kwa lori. Alikimbia usiku, akalisimamisha lori lililokuwa likielekea upande wa Watamil, akapanda. Dereva aliitwa Kesava Pillai. Baadaye walioana na kuishi Nagercoil, mji ulioko kusini kabisa mwa bara la India, karibu na ncha ya Kanyakumari.

Kesava Pillai alikuwa Mnair. Wasomaji huniuliza kama jambo hili ni kweli au ni chumvi ya wasimulizi. Ni kweli. Aliyemnusuru na kumwoa alitoka katika tabaka lile lile lililomfukuza.

Kwa nini hakurudi kuigiza, hasa baada ya sinema kupata sauti?

Fikirini alikuwa na nini mkononi. Kurudi kuigiza kungekuwa kurudisha jina la Rosy, na jina la Rosy lilikuwa limechoma nyumba ya mama yake. Ndoa yake nayo ilisimama juu ya ukimya. Akiwa Rajammal, mke wa Pillai, aliheshimiwa mtaani. Watoto wake walikua kama watoto wa tabaka la baba yao, wakijua machache mno kuhusu maisha ya mama yao ya zamani. Alifariki mwaka 1988.

Kuna wanaomlaumu kwa kunyamaza. Mimi siwezi. Alinyamaza miaka hamsini na zaidi ili watoto wake wapite barabarani bila kuhesabiwa hatua.

Sinema ya Kimalayalam ilianza kusema mwaka 1938 na filamu iitwayo Balan, na stelingi wa kike alikuwa M. K. Kamalam. Rosy wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mitano tu.

Je, waigizaji wengine wa kike wa Kusini waliishia hivyo?

La. T. P. Rajalakshmi aliigiza katika Kalidas ya mwaka 1931, inayohesabiwa filamu ya kwanza ya Kitamil yenye sauti, na mwaka 1936 akaongoza filamu yake mwenyewe. Yeye naye alipata shida: aliozwa akiwa mtoto, ndoa ikavunjika, na jamii ilimsema sana kwa kupanda jukwaani. Lakini alizaliwa katika familia ya Wabrahmin, tabaka la juu kabisa. Masengenyo aliyapata, moto hakuupata. Ndiyo maana siridhiki nikisikia habari ya Rosy ikielezwa kama habari ya mwanamke na sinema peke yake. Uanamke ulimletea masengenyo, tabaka ndilo lililoleta mawe.

Na J. C. Daniel alipata nini?

Alifilisika. Alikuwa Mkristo wa jamii ya Wanadar, mpenzi wa kalaripayattu, mchezo wa jadi wa kupigana kwa silaha na mikono, na mwanzoni aliitaka sinema ili autangaze mchezo huo. Aliuza ardhi yake, akaanzisha studio ya Travancore National Pictures, ya kwanza huko, akaandika, akaongoza, akashika kamera na kuigiza. Filamu haikurudisha fedha. Akawa daktari wa meno upande wa Watamil. Uzeeni aliomba msaada ambao serikali ya Kerala iliwapa wasanii wasiojiweza, akanyimwa, kwa hoja kwamba kwao ni Kanyakumari, wilaya iliyohamishiwa upande wa Watamil majimbo yalipopangwa upya mwaka 1956. Alifariki mwaka 1975. Mwaka 1992 serikali ile ile ilianzisha Tuzo ya J. C. Daniel, ambayo leo ni heshima ya juu kabisa katika sinema ya Kimalayalam.

Filamu ilitoka mwaka 1928 au 1930?

Utakuta yote mawili. Kwa muda mrefu iliandikwa Novemba 1928. Watafiti wengine wanashikilia Oktoba 1930. Anayekuambia mmoja wa miaka hiyo hajakudanganya.

Mbona watu wa huku humlinganisha na Siti binti Saad?

Kwa sababu miaka inakutana. Mwaka 1928 Siti alivuka bahari kutoka Zanzibar kwenda Bombay kurekodi sauti yake kwenye santuri. Naye alizaliwa katika familia yenye asili ya utumwa, shamba, mbali na wenye majumba. Naye alisemwa kwa asili yake, kwa sura yake, kwa kuthubutu kujitokeza. Lakini santuri za Siti ziliuzwa pwani nzima, na watu waliomdharau wakajikuta wanazinunua. Nikiwawaza wanawake hawa wawili kwa pamoja, swali linaloniumiza ni hili: Rosy angekuwa nani kama kazi yake ingepata hata mwaka mmoja wa kusambaa kabla ya mawe?

Nani alimtoa kwenye usahaulifu?

Waandishi. Chelangat Gopalakrishnan alipigania miaka mingi Daniel atambuliwe kuwa baba wa sinema ya Kimalayalam. Upande wa Rosy mwenyewe, Kunnukuzhi S. Mani alianza kuandika habari zake mapema miaka ya 1970, na aliendelea kumfuatilia kwa miongo. Baadaye Vinu Abraham aliandika riwaya juu yake, na mwaka 2013 mwongozaji Kamal akatoa filamu ya Celluloid kuhusu maisha ya Daniel, ambamo Prithviraj alicheza Daniel na Chandni akacheza Rosy.

Celluloid inaaminika? Nianze nayo?

Anza nayo, ni filamu nzuri na ndiyo iliyolifikisha jina la Rosy kwa watu wengi. Lakini itazame ukijua kwamba ni filamu ya Daniel. Waandishi wa Kidalit, akiwamo Jenny Rowena, waliikosoa kwa kumchora Rosy kama msichana mwoga, mnyonge, anayeduwaa mbele ya kila kitu, na kumfanya Daniel mkombozi. Nakubaliana nao. Mcheza kakkarissi hakuwa mgeni wa macho ya watu. Na mtu aliyekwenda kwenye onyesho ambalo hakualikwa, katika mji ule, miaka ile, sioni unyonge wake uko wapi.

Leo anakumbukwaje?

Mwaka 2019 kundi la wanawake wa sinema ya Kimalayalam, Women in Cinema Collective, lililoundwa mwaka 2017 kupigania usalama na haki zao kazini, lilianzisha klabu ya filamu na kuipa jina lake. Chennai, kituo cha Neelam cha mwongozaji Pa. Ranjith kimeandaa tamasha la filamu kwa jina lake. Na tarehe 10 Februari 2023 Google iliweka mchoro wake kwenye ukurasa wa mbele kuadhimisha miaka 120 tangu kuzaliwa kwake.

Naweza kuitazama Vigathakumaran wapi?

Huwezi. Hakuna nakala iliyosalia. Harris, mtoto mdogo wa Daniel, alisimulia uzeeni kwamba ni yeye aliyezichoma mikanda ile akiwa mtoto, akifurahia jinsi miali ilivyowaka. Mikanda ya zama hizo ilikuwa ya naitreti, na naitreti hushika moto upesi sana.

Ukitaka kuona sinema bubu ya Kerala ilivyokuwa, tafuta Marthanda Varma ya mwaka 1933, iliyofuata baada ya ile ya Daniel. Hiyo ilisalia kwa sababu ya kesi: mchapishaji aliyemiliki haki za riwaya iliyotumika alikwenda mahakamani, mikanda ikazuiliwa, ikakaa imefungiwa miaka mingi mpaka Hifadhi ya Taifa ya Filamu ya India huko Pune ilipoichukua. Iko huko hadi sasa.